Upote na Upinde: Kurudi kutoka Uwiano hadi Pembe katika Historia ya Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Mtu asimamaye katika mchanga wa Matema, wilayani Kyela, akielekeza uso wake mashariki, huiona Milima ya Livingstone ikipanda kutoka majini kama ukuta. Tuchukue, kwa mfano, kwamba kilele kimoja chapanda mita 1500 juu ya uso wa ziwa, na kwamba umbali wa kukifikia, ukipimwa sawasawa juu ya maji, ni kilomita 6. Kimo ukikigawa kwa umbali, wapata 0.25. Hesabu hiyo mtoto wa shule aiweza. Lakini akiulizwa jicho lake limeinuka kwa pembe gani, ameulizwa jambo la namna nyingine. Kwanza alikuwa na urefu, akatafuta uwiano. Sasa anao uwiano, naye atakiwa arudi nyuma hadi kwenye pembe iliyouzaa. Jibu ni nyuzi 14 na dakika 2.

Makala haya yanahusu safari hiyo ya kurudi. Wenye hesabu wamezipa safari za namna hii majina na alama, na wanafunzi huzisoma kwa alama hizo bila kuambiwa zilikotoka. Shabaha yetu ni mbili. Kwanza, kuonyesha kwa mfano wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kwamba kurudi kutoka uwiano hadi pembe hakukuwa mchezo wa darasani, bali kazi iliyogusa ardhi na watu. Pili, kuuliza Kiswahili kiiiteje kazi hiyo. Neno lijalo upesi ulimini ni "kinyume". Sisi twaona kwamba neno hilo halifai, na kwamba historia na sarufi zote mbili zatoa ushahidi dhidi yake.

Upote na upinde

Kabla ya kufika ziwani yatupasa tulitazame jina lenyewe. Katika pembetatu yenye pembe mraba, ukichagua moja ya pembe mbili zilizosalia, mkono unaoikabili pembe hiyo ukigawanywa kwa mkono mrefu kuliko yote, hupatikana uwiano uitwao sini. (Baadhi ya watu husema "saini", kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Lakini saini tunayo tayari, ndiyo ile itiwayo katika hati, na mchanganyiko huo hauna faida.) Mkono ulio karibu na pembe ukigawanywa kwa ule mrefu, ni kosini, na unaoikabili ukigawanywa kwa ulio karibu, ni tanjenti.

Mwanzo wa sini haukuwa katika pembetatu bali katika duara. Wanajimu wa Bara Hindi, ambao Aryabhata wa karne ya 5 ni mmoja wa mashuhuri wao, walikitazama kipande cha duara wakakiona kama upinde, na mstari unaoziunga ncha zake mbili wakauona kama ugwe wa upinde huo. Kwa Kisanskriti ugwe wa upinde ni "jya". Nasi kwa Kiswahili twauita upote. Nusu ya upote ndiyo iliyokuja kuwa sini. Waarabu walipoipokea elimu hii waliliandika neno hilo kwa herufi za "jiba", lisilokuwa na maana kwao. Kwa kuwa irabu fupi haziandikwi, likaja kusomwa "jaib", yaani mkunjo wa nguo kifuani. Wafasiri wa karne ya 12 walioandika Kilatini wakatafuta neno lao la mkunjo wa nguo, wakapata "sinus". Hivyo basi jina lisomwalo leo duniani kote limetokana na usomaji mbaya wa neno moja, na kosa hilo lina umri wa miaka mia nane na zaidi.

Upinde wenyewe haukupotea njiani. Waarabu walikiita kipande cha duara "qaws", na Kilatini kilikiita "arcus", na maneno yote mawili maana yake ni upinde. Kwa hiyo yule arudiye kutoka sini hadi pembe aliulizwa swali lililo wazi: ikiwa upote ni wa urefu huu, upinde wake ni upi?

Na hapo ndipo ugumu unapoanza. Chukua duara, ukate upote ulio sawa na nusu kipenyo cha duara hilo. Upote huo huzifunga pinde mbili: upinde mfupi wa nyuzi 60, na upinde mrefu wa nyuzi 300, unaolizunguka duara upande wa pili. Nusu ya wa kwanza ni nyuzi 30, nusu ya wa pili ni nyuzi 150, na sini ya zote mbili ni 0.5. Upote mmoja, pinde mbili. Mwenye upinde mkononi aujua upote wake bila shaka yoyote. Mwenye upote peke yake hana budi kuchagua.

Mto Songwe, 1890 hadi 1901

Sasa na turudi ziwani. Mto Songwe huingia katika Ziwa Nyasa kwenye tambarare iliyo kusini ya mji wa Kyela. Kaskazini yake wanakaa Wanyakyusa, kusini yake Wangonde wa Karonga, nao ni watu ambao lugha na desturi zao ni za ukoo mmoja. Kwao mto ulikuwa mahali pa kuvukia. Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mapatano yaliyoufanya mto huo kuwa mpaka. Mapatano hayo yalisema kwamba mpaka wafuata ukingo wa ziwa hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Songwe, kisha wapanda na mto hadi mahali unapokatwa na longitudo ya nyuzi 33 mashariki. Kutoka hapo waufuata mto hadi mahali unapolikaribia zaidi bonde la Kongo. Na baadaye katika maelezo hayo hayo yatajwa pia longitudo ya nyuzi 32, kabla mpaka haujaushika mto Kalambo na kuingia Ziwa Tanganyika.

Mto waonekana, lakini longitudo haionekani. Hakuna jiwe wala mti unaosema "hapa ni nyuzi 33". Kwa hiyo maneno yaliyoandikwa mezani Ulaya yalihitaji watu wa kwenda na vyombo kuyatafuta ardhini. Kazi hiyo ilifanywa na tume ya mataifa yote mawili mwaka 1898. Upande wa Waingereza uliongozwa na Kapteni Charles Close, ambaye baadaye, mwaka 1905, alitoa kitabu cha mafundisho ya upimaji wa ardhi, na tangu 1911 hadi 1922 aliiongoza idara ya upimaji wa ramani ya Uingereza. Mapatano ya mwisho juu ya kipande hiki, baina ya maziwa mawili, yalifikiwa tarehe 23 Februari 1901.

Mpimaji wa zama hizo aliipataje longitudo? Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani dakika moja ya pembe kwa kila sekunde 4. Akiijua saa ya mahali alipo, na saa ya wakati ule ule mahali pengine panapojulikana, tofauti ya saa humpa tofauti ya longitudo. Katika latitudo ya Songwe, dakika moja ya pembe ni kiasi cha kilomita 1.8 juu ya ardhi. Basi kosa la sekunde 4 za saa laweza kukihamisha kijiji kizima kutoka himaya moja hadi nyingine.

Saa ya mahali huipata kwa nyota. Hupima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho. Huijua latitudo yake mwenyewe. Hukitafuta kitabuni kituo cha nyota angani. Na kwa kuziunganisha tatu hizo hupata kosini ya pembe ambayo nyota imesimama mbali na mstari wa kaskazini-kusini upitao utosini. Anayo kosini, aitakayo ni pembe. Hapo hulifungua jedwali lake, na badala ya kuisoma pembe ili apate uwiano, huutafuta uwiano katikati ya safu za tarakimu kisha hutoka nao pembeni hadi kwenye nyuzi na dakika. Jedwali ni lile lile, njia imegeuzwa.

Mambo matatu humkabili katika njia hiyo, na hayo matatu ndiyo sifa kuu za fanksheni tunazozizungumza.

La kwanza ni uchaguzi. Nyota iliyo nyuzi 40 mashariki ya mstari wa utosini na nyota iliyo nyuzi 40 magharibi yake zina kosini moja, 0.766. Jedwali litamjibu "40" tu. Kama nyota yapanda au yashuka, jedwali halijui. Ajuaye ni mtu aliyesimama usiku uwanjani akaitazama. Ndiyo sababu wenye hesabu wamekubaliana kanuni: arudiye kutoka sini apewe pembe iliyo baina ya -90 na 90, arudiye kutoka kosini, baina ya 0 na 180, arudiye kutoka tanjenti, baina ya -90 na 90 bila ya kuzifikia zenyewe. Hayo ni mapatano, si amri ya maumbile. Yalifanywa ili kila swali lipate jibu moja, lakini hayathibitishi kwamba jibu hilo ndilo lililotafutwa.

La pili ni mipaka ya swali. Sini na kosini hazivuki 1 wala hazishuki chini ya -1. Mpimaji akipata 1.02, hana haja ya kulifungua jedwali. Ajue amekosea kupima au kuandika, kwa kuwa hakuna pembe iliyoweza kuuzaa uwiano huo. Tanjenti haina kizuizi hicho. Uwiano wowote, mdogo au mkubwa, una pembe yake. Ukikua bila kikomo, pembe huikaribia 90 isiifikie kamwe.

La tatu ni usahihi, na hili aghalabu halifundishwi. Pembe ikiwa karibu na 0, kosini yake haibadiliki ila kidogo sana. Katika jedwali la tarakimu nne, pembe zote kuanzia 0 hadi dakika 34 zina kosini moja, 1.0000. Aliye na uwiano huo hawezi kujua atoke kwa pembe ipi. Na dakika 34 katika nchi ya Songwe ni zaidi ya kilomita 60. Tarakimu saba hupunguza hatari lakini haziiondoi. Kwa sababu hiyo wapimaji waliichagua nyota iliyo mbali mashariki au mbali magharibi, si ile iliyo karibu na mstari wa utosini, na walipendelea kanuni za nusu pembe, hasa zile zimalizikazo kwa tanjenti. Hawakubadili hesabu, walibadili mlango wa kurudia.

Kibla

Msomaji asidhani kwamba maarifa haya yaliingia nchini kwa njia ya majeshi ya Ulaya peke yake. Kiswahili kilikwisha fika mwambao huu kwa misafara ya wafanya biashara wa pembe za ndovu na watumwa. Mashuhuri wao, Mlozi, alikuwa na ngome yake Mpata, karibu na Karonga. Alipigana na kampuni ya Waingereza tangu 1887, akanyongwa Desemba 1895. Pamoja na biashara hiyo, ambayo ubaya wake hauna utetezi, ulikuja Uislamu, na pamoja na Uislamu lilikuja swali la kibla.

Kuhesabu kibla ni kurudi kutoka uwiano hadi pembe, na wanajimu wa Kiislamu walilishughulikia swali hilo karne nyingi kabla ya mapatano ya 1890. Kwa mtu aliye Kyela, hesabu hutoa sehemu mbili: kadiri ya kwenda mashariki, 0.104, na kadiri ya kwenda kaskazini, 0.553. Ya kwanza ukiigawa kwa ya pili wapata 0.188, na tanjenti hiyo hurudi kwenye pembe iliyo kati ya nyuzi 10 na 11, mashariki kidogo ya kaskazini. Ndivyo ilivyo. Lakini nyuzi 190 na kitu nazo zina tanjenti ile ile, na huko ni kusini. Kwa Kyela kanuni ya wenye hesabu imetoa jibu la haki kwa kuwa Makka i kaskazini yake.

Sasa mchukue Mswahili aliye Muskati, ambako jamii ya wasema Kiswahili imeishi kwa vizazi. Kwake sehemu zote mbili ni hasi: -0.319 na -0.020. Hasi kwa hasi hufutana. Uwiano ni kama 16, na pembe irudiwayo ni nyuzi 86, yaani karibu mashariki kamili. Akiifuata ataipa Makka kisogo. Kibla ya Muskati ni nyuzi 266, karibu magharibi kamili. Hesabu haikukosewa; kilichopotea ni alama mbili zilizofutana katika kugawanya, na arudiye hana budi kuzikumbuka. Twaona tena jambo lile lile: aliyekwenda alikuwa na habari ambazo uwiano haukuzihifadhi.

Kinyume na kutendua

Sasa twaweza kulishughulikia neno. "Kinyume" katika Kiswahili lina kazi nyingi. Ni kupingana, kama mema ni kinyume cha maovu. Ni kurudi nyuma, kama katika kwenda kinyumenyume. Tena ni jina la mchezo wa kugeuza silabi za maneno, ambao Edward Steere aliuonyesha kwa mifano katika kitabu chake cha lugha cha 1870. Katika hesabu, mwanafunzi aambiwaye "kinyume cha sini" ana haki ya kufahamu -0.5 badala ya 0.5, au 1 kugawanywa kwa 0.5, ambayo ni 2. Ya pili ndiyo hatari zaidi, kwa sababu alama yenyewe yamvuta huko. Mwaka 1813 John Herschel wa Uingereza alianza kuandika sini yenye -1 ndogo juu yake kumaanisha pembe irudiwayo. Lakini 2 ndogo mahali pale pale ni alama ya kuzidisha sini kwa nafsi yake, na kwa mfano huo -1 ingalikuwa kugawanya. Alama moja, maana mbili. Tukiongeza neno lenye maana tatu, tutakuwa tumemfunga mwanafunzi kitambaa cha pili machoni.

Lugha zetu zina chombo kilicho bora. Twasema funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua, choma na chomoa. Hii ndiyo kauli ya kutendua. Fungua si kutofunga, wala si kitendo kinachopingana na kufunga kwa jumla; ni kuliondoa tendo lililokwisha tendwa na kuirudia hali iliyokuwako. Kiambishi chake cha kale kilikuwa na l, na Kiswahili kimeidondosha. Lakini hujitokeza tena tusemapo fungulia. Kinyakyusa, pamoja na lugha nyingi za bara, kingali kinaitamka katika -ula. Mtoto wa Kyela basi huja shuleni na maarifa haya ulimini mwake, katika lugha zake zote mbili.

Na sarufi hiyo hiyo humwonya. Si kila tendo latenduliwa: twapika lakini hatupikui, twavunja lakini hatuvunjui. Wala si kila -ua yarudi ilikotoka: pindua si kunyosha kilichopindwa. Hivyo ndivyo zilivyo fanksheni zetu. Chukua nyuzi 150, utafute sini yake, kisha urudi: utafika 30, si 150. Lakini ukianza na uwiano 0.5, ukarudi hadi 30, kisha ukaenda tena, utaupata 0.5 ule ule. Kurudi halafu kwenda ni salama daima. Kwenda halafu kurudi ni salama pale tu ulipoanzia ndani ya mipaka iliyokubaliwa.

Kwa hiyo twapendekeza "fanksheni tenduzi" liwe jina la aina nzima, kwa kuwa tendua huzaa tenduzi kama vumbua izaavyo mvumbuzi. Na kwa kila moja "tao la sini", "tao la kosini" na "tao la tanjenti", tao likiwa ndilo kipande cha duara. Majina haya yamrudisha mwanafunzi kwenye upinde ambao usomaji mbaya wa karne za kati uliuficha. Yamwezesha pia kuiona kwa macho kanuni ambayo vitabu huitoa bila sababu, kwamba tao la sini na tao la kosini za uwiano mmoja ulio baina ya 0 na 1 jumla yake ni nyuzi 90: ni pembe mbili kali za pembetatu moja yenye pembe mraba, na kuirudia moja ni kuirudia nyingine.

Yawezekana kuuliza faida yake ni nini, ikiwa hesabu za sekondari nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Jibu letu ni kwamba lugha ya mtihani siyo lugha pekee ya kufahamia. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 na Baraza la Kiswahili lililofuata 1967 zilirithi kazi ya kutafuta maneno. Na neno lililoteuliwa vibaya hudumu kuliko walioliteua, kama "sinus" inavyoshuhudia.

Songwe nayo haijatulia. Mafuriko huuhamisha mkondo wake katika tambarare ya chini, na shamba la mpunga lililokuwa upande mmoja hujikuta upande wa pili. Serikali za Tanzania na Malawi zimelazimika kushirikiana kuutuliza mto huo. Waliotia saini mwaka 1890 walidhani wameandika jambo lisilohitaji kurudiwa. Wapimaji wa 1898 walijua zaidi, kwa kuwa kila usiku walirudi kutoka uwiano hadi pembe, na kila waliporudi iliwabidi kukumbuka nyota ilikuwa upande gani.